Mlango wa Bafu

Jumamosi ya tatu Tartu, na mlango wa bafu
bado umelala juu ya makasha mawili sebuleni.
Urmas aliung'oa ili aupake rangi;
rangi ikagandia koponi, brashi ikawa gogo,
kwa kuwa nilimwaga juu yake, kwa dakika tano tu,
picha ya vipande elfu moja:
stesheni, theluji, treni isiyoondoka.

Basi anayeoga hupiga mluzi.
Mluzi ukikatika, anatafuta taulo,
na taulo zimo katika kasha lililoandikwa SUFURIA.

Chai inapoa, tunaipasha, inapoa tena.
Yeye hupenda kingo; mimi nimeshika anga,
buluu kwa buluu, kazi ya mtu asiye na kazi.
Mapazia hayajafika. Mwanga wa Juni
unakaa nasi hadi saa tano usiku,
kama mgeni asiyejua kuaga.

Jana alibisha jirani, Bibi Helve,
na mtungi wa matango ya siki.
Hakuuliza mlango unafanya nini pale.
Akaketi juu ya vitabu vyetu, akavaa miwani,
akachomeka kipande nilichokisaka wiki nzima:
mkono dirishani, ukipunga.

Kisha akaenda kunawa.
Hatukuwa tumemweleza lolote.
Tukasikia mluzi, wimbo uleule wa Urmas
uliopenya ukuta wa mbao majuma matatu,
pamoja na pale anapokosea.