Mlango wa Saba

Ijumaa jioni niliifuta kompyuta ya mizani,
nikaivisha mfumo mpya, safi kama shuka la hospitali.
Ilikuwa na virusi, inakohoa,
inajizima katikati ya uzito wa mtu.
Niliondoka nikipiga mluzi. Fundi ni mimi.

Jumatatu saa tatu asubuhi, hapa nje ya Malava,
trela la kwanza lilipanda juu ya chuma
na kompyuta ikalitazama
kama mtu anayedaiwa deni asilolijua.

Taa zinawaka. Kebo iko mahali pake.
Dirishani kisanduku cha mizani kinaonyesha tarakimu nyekundu,
6480, wazi, hata mtoto angezisoma.
Kwenye skrini ni sifuri, sifuri, sifuri,
na kampuni hailipi tarakimu za dirishani,
hulipa karatasi iliyotemwa na mashine.
Nikaiandika 6480 kiganjani kwa kalamu ya buluu,
sijui kwa nini. Mkono ulitaka kazi.

Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima, nikawasha.
Nikapuliza tundu la kebo kama anayepoza uji.
Nikalaumu panya.
Panya wa mizani wana makosa mengi,
ila hili halikuwa lao.

"Kumekosekana nini?" akauliza Masitsa juu ya trekta.
"Dereva," nikamjibu bila kufikiri.
Akavua kofia, akajikagua kifua hadi magoti,
akapiga honi.
"Na huyu ni nani?"
Foleni nzima ikacheka, trekta kumi na moja zikacheka.
Namalwa, mwenye miwa, hakucheka.

Alikaa kwenye kivuli cha gurudumu.
"Muwa ukishakatwa," alisema, na hakusema nami,
"haumngoji mtu.
Jua linapima bila risiti."

Kebo ile ina ubongo mdogo shingoni.
Mfumo wa zamani uliujua, walizoeana miaka sita,
nami kwa usiku mmoja nilifuta mazoea.
Sahani ya programu yake ilikuwa wapi?
Imbuka, mlinzi wetu, aliitundika kwenye mtama
itishe ndege.
Tukaenda kuitungua. Ilikuwa imepauka,
imekwaruzwa, na juu yake
ndege mmoja alikuwa ameacha maoni yake.

Basi nikawasha tochi ya simu, nikasoma namba ya ubongo ule,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nikapanda kichuguu, maana mtandao hapa
haushuki chini ya kiuno.
Bando la shilingi hamsini. Asilimia nne. Asilimia tisa.
Nyuma yangu miwa ya foleni ilianza kunuka utamu uliochacha.

Kiendeshi kikaingia, kompyuta ikalia kidogo, ting,
nikashuka mbio.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Hapo ndipo nilipokaa chini.
Na kwa kukaa chini nikaona:
programu ya mizani ilikuwa bado inabisha mlango wa tatu,
na mfumo mpya ulikuwa umemkaribisha mgeni mlango wa saba.
Siku nzima mmoja anapiga hodi,
mwingine amekaa ndani anangoja kuitwa,
na nyumba ni moja.

Nikafuta tatu. Nikaandika saba.

Saa kumi kasoro robo mashine ilitema karatasi.
6390.

Namalwa aliisoma polepole, kidole chini ya kila tarakimu.
"Tisini," akasema.
Asubuhi alikuwa amesimama pale pale kama mimi;
dirisha ni la kila mtu.
Nilikuwa na maneno ya kebo, ya milango, ya viendeshi,
kiganja nimekifumba.
Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso.
Masitsa akatia gia. Trela la pili likapanda.

Usiku nilinawa kwa sabuni ya kipande.
Sita ilitoka. Sifuri ikatoka.
Nne na nane zililala nami.