Kipengele cha Saba

"Eleza kwa ufupi utendaji wako
katika kipindi cha kufanyia kazi nyumbani."
Mmeacha mistari minne.
Niwie radhi, Bwana Kilewo,
nimevuka hadi nyuma ya karatasi.

Ofisi ilifungwa Jumatano. Nilitoka Shangani
kompyuta nimeiviringisha kwenye kanga kama kichanga,
nikapanda bodaboda hadi Chikongola.
Wiki mbili tu, mlisema.

Kwetu meza ni moja, na meza yenyewe ni cherehani.
Mama akanipa mchana, yeye akabaki na usiku:
mchana orodha ya wakulima wa salfa,
usiku barakoa za vitenge, mia tano tano.
Hadi leo nikichapa, mguu wa kulia
hukanyaga bila kuambiwa.

Mmeandika: "Hakuwa hewani, mara kumi na moja."
Ni kweli.
Mara tisa umeme ulikatika.
Mara moja Shamte, shule zimefungwa, amechoka kuhesabu vifungo,
alimwaga uji juu ya herufi, kuanzia M mpaka P;
ndiyo maana barua zangu za mwezi wa tano
zilikuja na mapengo kama kinywa chake.
Na ile ya kumi na moja
nilikuwa chini ya blanketi pamoja na mama,
sufuria ya nyungu katikati yetu,
majani ya mlimau, mvuke, macho yanawasha,
yeye anakohoa, mimi nahesabu.
Sikuwa hewani, bwana.
Hewa ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Mmeandika: "Simu za uhakiki ziko chini ya lengo."
Lengo ni arobaini kwa siku.
Acheni niieleze ile siku ya simu tatu.

Namba ya Mzee Nambunga wa Nanguruwe,
mikorosho mia mbili na kumi,
ilipokewa na sauti ya kike.
Nikasoma kama mlivyoagiza:
tunahakiki taarifa zako za pembejeo.
Akasema, baba tumemzika juzi. Tulikuwa watu sita.
Nikasema, pole.
Karatasi yenu haikuwa na mstari unaofuata.

Basi akaendelea yeye.
Kwamba mwaka jana mzee alipulizia mwenyewe,
kifua kinabana, leso puani.
Kwamba mikorosho ya bondeni ni ya bibi, isichanganywe.
Kwamba jirani alileta ming'oko ya kuchemsha
akaiacha njiani, akapiga hodi kwa mbali, akaondoka.
Kwamba mimi ni mtu wa kwanza kumuuliza jina la baba yake
tangu siku ile.
Dakika arobaini na saba. Vocha yangu.
Kompyuta iliandika: simu moja, haijakamilika.

Jina sikulifuta. Utaratibu unasema futa.
Niliweka mkwaju, nikaandika mbele yake: Fadhina, binti,
ili mfuko wa salfa usijue njia nyingine.
Kama ni kosa, liandikeni kwenye makosa,
ila liandikeni vizuri, F kubwa.

Jana mama aliuliza karatasi inasemaje.
Nikamwambia, mbili na nusu kati ya tano.
Akakata uzi kwa meno.
"Miaka thelathini nafanyia kazi humu humu," akasema,
"hiyo nusu sijawahi kuiona."
Kisha akaniambia nisogeze mashine yangu,
shule zinafunguliwa Jumatatu
na kaptula kumi na nane hazina hata mifuko.

Nimesogea. Haya namalizia sakafuni,
karatasi juu ya goti,
na kila mama akikanyaga
mwandiko wangu unaruka kidogo, mtauona.

Sahihi ya mfanyakazi: Asumini Nalinga.
Sehemu ya "Maoni ya msimamizi"
nimeiacha wazi. Ina mistari kumi na miwili.