Nyundo Ilipoponyoka

Hukuwa umeuza. Ilikuponyoka tu,
Jumanne ya mnada wa kondoo, Tregaron,
rasharasha juu ya mabati,
bei pauni themanini na nne
na vidole bado vikipanda nyuma ya kizimba.
Lakini nyundo ikishagonga, imegonga.
Ifor Pugh akaondoka na majike kumi na wawili,
akicheka hadi langoni.
Wewe ukautazama mkono wako
kama mtu anavyomtazama mbwa wake
aliyemng'ata mgeni.

Daktari hakumung'unya maneno.
(Kumung'unya kulikuja baadaye, kukawa kwako.)

Nikajifunza hesabu za kushuka:
mkono wa kulia kabla ya Pasaka,
mguu kabla ya kunyoa manyoya,
kisha ngazi. Kitanda tukakishusha sebuleni,
kando ya kabati la sahani za mama yako,
ambaye hakuruhusu mtu kusinzia pale hata mchana.
Fimbo ilidumu wiki tisa. Kitembezi, sita.
Maboksi siku hizi siyatupi.

Nerys wa hospitali akaleta kinasa sauti:
soma sentensi mia tatu, sauti ingalipo.
*Naomba maji. Nafurahi kukuona.*
Ulizisoma kama barua ya benki.
Kisha ukamwomba asizime,
ukapiga mnada mzima kwa Kiwelisi,
sitini, sitini na tano, nani sabini, nani,
pumzi ikikatika, kondoo hewa, wanunuzi hewa,
na mimi mlangoni, mikono ina povu la sabuni,
nikanyanyua kidole.

Sasa unaandika kwa macho.
Nakugeuza saa sita, nakugeuza saa tisa.
Kuna usiku nakugeuza kwa hasira,
nawe unajua,
na asubuhi hatulitaji.

Jana Ifor alikuja na keki usiyoweza kuimeza.
Akakaa, kofia magotini, akasimulia nyasi,
akasimulia tena nyasi.
Macho yako yakaanza kutembea juu ya herufi.
Dakika nne. Tukangoja. Chai ikapoa.
Ndipo mashine ikasema, kwa sauti yako ya mwaka juzi:

*Wale walikuwa wa tisini na tano, mwizi wewe.*

Ifor akacheka. Akaacha kucheka.
Akatoa pochi, akahesabu juu ya blanketi lako
pauni mia moja thelathini na mbili,
sarafu za mwisho akizitafuta mfukoni mwa koti.

Nikamwandikia risiti.