Ukungu wa Manyovu

Mwezi wa saba ukungu hulala juu ya mibuni
hadi saa nne. Nami hulala nao.
Siumwi, nasema. Nimechoka tu.
Mswaki haujaniona tangu Jumanne.

Nyamweru hagongi mlango. Anagonga bati kwa ukuni:
"Jirani, toka, tuanike mihogo."
Kwa jua lipi, hili la kuazima?
Natoka na blanketi mabegani.
Haulizi kitu. Twageuza vipande, vyeupe, vibaridi,
mpaka vidole vikumbuke kazi.

Ukungu unapasuka; ng'ambo, Burundi yaonekana.
Ndipo namwambia: "Usiku silali."

"Najua. Taa yako naiona."

Naiona! Saa nane za usiku?

Anapangusa unga viganjani.
"Alhamisi twende zahanati," anasema,
"sote wawili."

Leo nimelala bila komeo.