Bomba la Juu

Ngwali, muuza mitumba ya Japani pale Machomane,
hakuniuliza jina wala njia ninayopita.
Alilitazama buibui langu, akanyoosha kidole:
"Yako ile pale, dada. Ya kike."
Rangi ya waridi iliyopauka, kikapu mbele,
bomba limeinama kama mtu anayepisha wakubwa mlangoni.
Hata kengele yake ililia kwa adabu.

Nikamwambia, hebu niteremshie ile nyeusi.
"Ile ya kiume."
Nikamwuliza kaijuaje. Akacheka, hakujibu.

Mimi bomba la juu nalijua kwa paja.
Nalijua tangu nina miaka sita, nimekaa upande,
baba akihema juu ya utosi wangu,
karafuu mbichi zinanuka mikononi mwake,
na kila shimo la njia nikilihesabu kwa mfupa.
Nikalijua tena siku niliyoolewa,
napelekwa kwa Shaame upande upande,
nimeshika usukani nisiouendesha.
Miaka yote hiyo lile bomba lilikuwa kiti changu.
Hakutokea mtu kusema si la mwanamke.

Kuendesha nilijifunza kwa kuiba:
saa ya adhuhuri, wanaume wako msikitini,
mguu nimeupenyeza chini ya bomba,
mwili umekwenda upogo kama kaa,
nazunguka shamba la mihogo
mpaka nisikie imamu anatoa salamu.

Dada yangu Raya hataki kuyasikia haya.
Yeye ni mkunga.
"Wewe unabeba magunia, mimi nabeba haraka.
Naamshwa saa nane za usiku, mtoto katanguliza mguu,
na mimi nirushe paja kama napanda punda?
Kwenye ya kike natia mguu, nimeshaondoka.
Na nikianguka, naanguka nimesimama."
Ni kweli. Nimemwona akishuka kabla baskeli haijasimama,
mkoba mkononi, keshafika kitandani kwa mzazi,
gurudumu la nyuma bado linazunguka uani.

Lakini mimi nachukua makonyo, Ole mpaka Wawi:
gunia moja kwenye keria, la pili limelala juu ya bomba.
Kwenye ile ya waridi ningeliweka wapi?
Kikapuni ingeingia pishi moja na aibu yangu.
Buibui nalipandisha, nalibana kwa pini mbili,
ndani nina suruali ya marehemu kaka yangu.
Anayetaka kutazama, autazame mlima.

Nilinunua nyeusi. Bi Mize akatangaza kisimani
kwamba Shaame sasa kaolewa.

Msimu uliofuata tawi la mkarafuu lilimkatikia Shaame.
Nyonga iliunga, lakini iliunga inavyotaka yenyewe;
mguu wa kulia haukupanda tena kupita goti.
Miezi mitatu alikaa chini ya ukuta
akiitazama nyeusi yangu
kama anayetazama mti.
Nikarudi Machomane. Ile ya waridi ilikuwepo bado,
buibui mwengine, mwenye miguu minane, kajenga kikapuni.
"Nilikwambia utaijia," Ngwali akasema.
Sikumwambia ni ya nani.

Sasa kila Ijumaa Shaame hutoka nayo,
kanzu nyeupe, kofia ya viua,
kikapuni mna msala na papai la jirani.
Kanzu nayo, kumbe, ina shida zilezile za buibui,
ila hatukuwahi kuambiwa.
Ijumaa ya kwanza barazani walicheka.
Ya pili walikohoa.
Ya tatu Mzee Chumu, mwenye ngiri, alimvuta pembeni
akamwuliza kwa sauti ya chini zinauzwa bei gani,
na kama Ngwali anazo za rangi nyengine.

Usiku zote mbili huegemea ukuta mmoja.
Kuku wetu, jike, ambaye hajaulizwa na mtu,
hulala juu ya bomba la nyeusi.
Asubuhi nafuta kinyesi chake kwa gunzi,
nafunga gunia.