Mia na Nane

Saa kumi na moja, Moshi haijapiga mswaki,
Mama Jasvanti yuko roshanini, juu ya duka la misumari:
Om namah shivaya, punje ya kwanza,
kidole gumba kikisukuma tasbihi ya mbao.

Mimi chini nafagia. Msharika wa Kilutheri,
maana siijui; hesabu naijua.
Ya hamsini, muuza maziwa wa Kibosho anagonga geti.
Ya tisini, kilele kinachungulia, kisha wingu.

Tangu kiharusi, akifika arobaini na mbili
ulimi unateleza, anarudi mwanzo.

Leo alinitazama tu.
Nikapanda na ufagio mkononi.
"Arobaini na tatu, mama."
Akaishika.

Jikoni maziwa yalifurika, yakazima jiko.
Hakuna aliyeinuka.