Udevu Mmoja

Februari, ziwa Kitka. Barafu ilizidi urefu wa mkono wangu.
Shangazi Tuire alizima taa makusudi.
"Taa hulevya macho. Tia mkono."

Mshipi ulikaza, ukalegea, ukakaza.
Si papara ya sangara, wala si kishindo;
uzito tu, kama mtu anayekataa kuamshwa.

Nikamtoa tunduni. Akajiviringisha kifundoni mwangu,
utelezi mtupu, magamba hata huyasikii.
"Mgongoni?"
Pezi fupi. Halafu refu, mpaka karibu na mkia.
"Kidevuni?"
Nikapapasa, vidole vimekufa ganzi.
Udevu. Mmoja tu, katikati,
kama wa kijana anayeogopa kuunyoa.

"Basi ndiye made," akasema, akicheka puani.
"Wenzake wote wamezubaa kwa baridi,
huyu ndiyo kwanza anaoa.
Ini usilitoboe, ndilo mchuzi wenyewe."

Akaenda kulijaribu tundu la pili,
buti zake zikilia juu ya theluji.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Nikavua glavu iliyobaki,
na gizani, pasipo wa kuniona,
nikajigusa kidevu.